Gari la Kwanza na Hongo ya Mzee Chiwanga

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka kila nisikiapo mlango wa gari ukibamizwa, na mwili hunisisimka hata kama ni mchana wa jua kali. Jana uliponionyesha kwenye simu picha ya gari unalotaka kununua, jekundu, linang'aa kama pipi iliyolambwa, siku hiyo ilinirudia yote. Ukaniuliza, "Mama mkubwa, mbona umenyamaza?" Sikunyamaza kwa sababu nimelichukia. Nilishtuka. Keti basi, weka hiyo simu kando, nikueleze.

Nilikuwa na umri kama wako. Kazi yangu ilikuwa kununua asali kwa wafugaji nyuki wa huku kwetu Kwihara na kwenda kuiuza mjini Tabora. Nilitumia baiskeli, madumu mawili nyuma, nyuki wawili watatu wakinifuata kudai mali yao. Lakini asali haikuwa sababu kubwa ya kutaka gari. Sababu kubwa ilikuwa miguu ya bibi yako, yaani mama yangu. Ilivimba ikawa mizito, hata kuvuka uwanja wa nyumba ikawa safari. Kliniki ilikuwa mjini. Tulimpakia kwenye baiskeli hiyo hiyo, na barabara ya vumbi ikamtikisa mpaka akawa analia kimyakimya nyuma yangu, akidhani simsikii. Nilimsikia kila mara. Nikaapa nitampeleka kwa gari.

Kuendesha nilikuwa nimefundishwa na mjomba kwenye lori lake la tumbaku, na leseni nilikuwa nayo. Baba yangu, Mzee Maganga, mtu wa maneno machache, akaniita. "Kalunde," akasema, "kuna kigari cha mwalimu mstaafu pale Kigwa. Kadogo, ka zamani, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekaendesha tangu kakiwa kapya. Kachukue hako."

Kigari hicho nilikijua. Rangi yake ya maziwa yaliyolala, ubavu mmoja umebonyea, na kikipita utadhani kinaomba radhi. Nikamwambia, "Baba, watu watasema nimepanda beseni."

"Beseni halimwagi mtu," akajibu, akaenda zake.

Ujana, mwanangu. Kwihara nzima hakukuwa na msichana mwenye gari. Mimi nilitaka nikiingia kijijini watu waache sufuria jikoni watoke kutazama. Hayo ndiyo niliyoyataka, pamoja na miguu ya mama, na sitakuficha ni lipi lilikuwa linanikosesha usingizi zaidi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi gari jingine likajitembeza mpaka uani kwetu. Lililetwa na kijana wa mjini aliyesikia kwamba natafuta. La buluu, refu, viti vimefunikwa nailoni kama vimetoka dukani jana. Nilipoona uso wangu kwenye rangi ya mlango, nilikuwa nimekwisha kununua moyoni. Kijana akaniambia, "Dada, hili halijawahi kufunguliwa hata bolti moja."

Baba alilizunguka, akalipiga kofi kiunoni kama anayekagua ng'ombe. "Linang'aa sana," akasema. Ndilo neno lake pekee.

Nilimwomba mama apande nyuma tulijaribu. Najua utacheka, lakini alivua ndala zake akaziacha chini kama anayeingia msikitini, naye ni Mkatoliki wa kubatizwa. "Siwezi kulikanyaga na matope," akasema. Akaketi, akaweka nyayo zake zilizovimba juu ya kapeti jipya, akafumba macho kwa raha. Nikashika usukani. Kijana akaketi kando yangu. Baba akasimama mlangoni.

Hapo ndipo akatokea Mzee Chiwanga.

Mzee Chiwanga alikuwa Mgogo, muuza mbuzi, aliyeoa kwetu akazeekea kwetu. Unajua utani wetu sisi Wanyamwezi na Wagogo ulikotoka. Babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani ilibidi wapite Ugogo, na kule hawakupewa njia wala maji mpaka walipe hongo. Misafara ilikwisha zamani, lakini Mzee Chiwanga alikuwa bado anadai. Ukinunua baiskeli, hongo. Ukiezeka bati, hongo. Na mtani huwezi kumkasirikia. Ukimkasirikia, aibu ni yako. Nilikuwa nimemsahau kabisa siku hiyo. Yeye hakunisahau.

Alikuja mbio kutoka zizini kwake, akajilaza chali mbele ya gari, mikono kifuani kama maiti.

"Msafara wa Wanyamwezi haupiti!" akapaza sauti. "Hongo kwanza!"

Mama akafumbua macho akaanza kucheka. Baba akamwambia, "Mgogo, ondoka, utakanyagwa."

"Nikanyageni! Mtanizika, na mbuzi wa matanga mtanunua kwangu!"

Nikapiga honi. Badala ya kuondoka akajisukuma nyuma kwa visigino, akaingia uvunguni mwa gari mzima mzima, hata miguu isionekane. "Sasa njooni mnitoe!" Majirani walikuwa wamefika kwenye ua, vicheko tele. Mtu mmoja tu hakucheka. Kijana wa mjini alitoa kichwa dirishani akasema, "Mzee, toka huko utachafuka," na niliona jasho pembeni ya sikio lake. Nililiona, nikalipuuza.

Mara Mzee Chiwanga akanyamaza.

Tulimwita, kimya. Baba akainama. "Mgogo, umelala?" Kimya. Mtani akinyamaza mwenyewe, mwanangu, jua kuna jambo, na mimi nilidhani moyo wa mzee wa watu umesimama chini ya gari langu. Nilikuwa nafungua mlango niteremke, mama akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia tena maishani.

"Mayu wane!" Alimwita mama yake kwa Kinyamwezi, mama aliyekufa zamani. "Kuna kitu kimenishika mguu!"

Nikajua ni nyoka. Mama alikuwa amepandisha miguu yote miwili juu ya kiti, ile miguu ambayo kwa miezi hakuweza kuiinua bila kusaidiwa. Nikafungua mlango wa nyuma, nikatazama chini. Kapeti lilikuwa linainuka kidogo kidogo, kama udongo unaosukumwa na fuko. Pembeni mwake, pale mama alipokuwa ameweka unyayo, pakachomoza kidole.

Kidole cha mtu. Cheusi, chenye ukucha uliopasuka, kinachezacheza.

Nilisimama nikikitazama kidole kile sakafuni mwa gari langu, na akili ikagoma kuelewa. Kisha sauti ya Mzee Chiwanga ikatoka chini, ndogo, bila utani hata chembe.

"Mama Kalunde, huo ni mguu wako?"

"Ni wangu!"

"Basi shuka. Shuka taratibu. Usiruke."

Tulimteremsha mama. Baba akang'oa kapeti. Chini yake hakukuwa na sakafu ya kuaminika. Kulikuwa na kibati chembamba kilichochomelewa, na puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia, iliyokwisha kupasuka, na ufa uliotoka mlango hadi mlango. Mwanangu, yale yalikuwa magari mawili. Mbele la mtu mmoja, nyuma la mtu mwingine, yamekatwa, yameungwa katikati na kupakwa rangi moja ya buluu. Hayo magari mawili yalikatwa kwa nini, na waliokuwa ndani yake walipatwa na nini, sikuuliza siku ile na sitaki kujua leo.

Mzee Chiwanga alitoka uvunguni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakujua lolote la magari. Akasema, "Mimi najua mbuzi tu. Lakini mbuzi mwenye mshono kama huu tumboni nisingemnunua hata kwa kitoweo."

Kijana wa mjini alipiga magoti akachungulia. Alikaa pale muda mrefu. Akainuka. "Nawaapia sikujua," akasema. "Na mimi niliuziwa hivihivi." Nilitaka kumzaba kofi, lakini nilipomtazama nikaona uso wa mtu aliyeibiwa. Mpaka leo sijui kama alisema kweli.

Baba akamwambia, "Liache hapa. Kesho tutatafuta trekta likokotwe."

Lakini aibu ina kiburi. Kijana akasema amelileta mwenyewe na atalirudisha mwenyewe. Mzee Chiwanga akalala mbele ya gari mara ya pili. Safari hii hakutaja hongo. Aliinua mikono akasema, "Mwanangu, nakuomba." Kijana akalirudisha gari nyuma, akakata kona kando ya banda la kuku, akampita, akaenda.

Hakufika mjini. Kwenye kalavati ya kwanza gari lilikatika vipande viwili, palepale kwenye mshono. Walimkuta ameshika usukani wa nusu ya gari, mfupa wa mtulinga umevunjika, anaulizia nusu nyingine iko wapi. Alipona. Baba alikwenda kuona kwa macho yake. Alirudi. Alikwenda kuketi kwenye mkeka karibu na mama, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele ya watoto. Baadaye akaniambia, "Kiti cha nyuma kiko mtaroni. Kimeangalia juu."

Kwenye kiti hicho ndipo alipokuwa ameketi mama akiwa amefumba macho kwa raha. Sikula siku hiyo, na nailoni ile iliyofunika viti niliiota kwa muda mrefu.

Juma lililofuata tulikwenda Kigwa. Yule mwalimu mstaafu hakuwa hata amekiosha kigari chake. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." "Marahaba binti," akajibu, na kabla sijauliza akaanza kukisengenya: "Kioo cha kushoto hakishuki. Honi hulia ikipenda yenyewe. Huo ubavu nilijigonga kwenye nguzo ya kanisa, siku ya harusi ya mtu, nikachekwa. Mlimani usikipige fimbo, kitafika." Nilimsikiliza nikataka kulia. Kumbe mtu anaweza kukuuzia kitu kwa kukutajia ubaya wake!

Tulikuwa tumekuja na Mzee Chiwanga. Bila kuombwa alilala chini akaingia uvunguni, akasukuma sakafu kwa kidole, akasukuma tena kwa ngumi. Akatoka na oili kwenye paji la uso. "Uvungu mchafu," akatangaza, "lakini wote ni wa mama mmoja."

Kigari kile kilimbeba mama yangu kliniki mpaka siku za mwisho wa maisha yake. Watu walitoka nje kunitazama, naam, wakanicheka, na watoto wakakiita beseni kama nilivyobashiri. Nikazoea. Kilinifundisha mengi: kwa sababu hakikuwa na mbio, mimi nikiwa mgeni wa barabara sikupata pa kuonyeshea wazimu, na kilipoharibika, fundi yeyote wa njiani alikijua. Ubavu wake uliobonyea sikuunyoosha.

Sasa, mwanangu, nasaha zangu. Gari la kwanza ni la kujifunzia kuishi barabarani, si la kuingilia kijijini. Chukua dogo, wala usione haya likiwa la zamani, mradi lina mwenyewe anayejulikana na ugonjwa wake unatajwa. Gari lililozeekea kwa mtu mmoja ni kama mzee wa mtaani kwako, unajua goti lipi linamuuma. Jipya la rangi na lisilo na ukoo liogope. La kuvunda halina ubani, na ukiona ubani mwingi mno jiulize unaficha uvundo gani. Hiyo picha ya kwenye simu imekuonyesha mlango, taa na kiti. Uvungu amekuonyesha nani? Nenda, vaa nguo mbovu, lala chini. Na usiende peke yako, maana anayependa haoni. Nenda na mtu asiyeona haya kukuharibia furaha yako.

Huyo wa kwangu alifariki uzeeni. Siku ya mazishi walimpakia kwenye pikapu kumpeleka makaburini, nami wakati huo ni mama mtu mzima, mwenye heshima zangu kanisani. Nilikwenda nikajilaza chali barabarani mbele ya pikapu, kitenge na vumbi. "Mgogo hapiti Unyamwezi bila hongo!" Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo utani ulivyo. Wanawe wakanipa fimbo yake ya kuswagia mbuzi, ile iliyoegemea mlango huo nyuma yako. Lakini sikuinuka mara moja. Nilijisukuma kwa visigino nikaingia uvunguni, nikanyoosha kidole, nikapapasa bati chini ya mahali alipolala. Lilikuwa zima.

Nikatoka, nikawaambia, "Mpitisheni."

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe gari dogo lenye uvungu mzima, akulindie kila utakayempakia kiti cha nyuma, na siku utakapokuwa umependa kupita kiasi, akuletee mtani wa kulala mbele yako, nawe umsikilize.