Mafuta Niliyomeza Hayakuwa ya Kukaanga

Nisikilizeni, hata kama kifua changu bado kinapiga filimbi. Mimi ni mpishi wa meli. Shule niliacha darasa la sita, lakini kwa ugali niko profesa. Nilikuwa na kilo mingi na kelele mingi. Mke wangu, Mama Joy, anauza nyanya soko la Kalerwe, hapa Kampala. Alikuwa anasema sauti yangu inafika mpaka Kyambogo, ng'ambo ya mji.

Siku hiyo tulitoka Kisumu na madramu ya dizeli, tunaleta Kampala. Tukiwa karibu kufika, asubuhi, upepo ukaamka. Sufuria zikaanza kutembea zenyewe jikoni. Nikacheka. Halafu meli ikagonga mwamba, nikaacha kucheka. Ikalala upande, madramu yakapasuka, na mimi niko ziwani na eproni yangu.

Dizeli ilitanda juu ya maji, inang'aa kama mbawa za inzi. Nilifungua mdomo kuita Yesu, wimbi likaingia kwanza. Nikameza, nikakohoa, nikameza tena. Macho yalichomeka. Samaki walielea karibu yangu, tumbo juu. Nikajua mimi ndiye nafuata.

Wavuvi wakanivuta kwa kamba ya eproni. Wakanisugua na sabuni ya unga mpaka nikanukia kama shati jipya, wakanivalisha, wakanipeleka kliniki ndogo. Musawo, ndivyo tunaita daktari huku, alishika kalamu.

"Kazi gani, bwana ssebo?"

"Mpishi."

"Na shida?"

"Nimemeza mafuta."

Akacheka. "Mpishi kumeza mafuta! Si ndiyo kazi yako?"

Na mimi mjinga nikacheka naye. Yeye aliwaza mafuta ya chapati. Akanipa maziwa, akasema niingize kidole kooni nitapike. Nilitapika moto. Akaniambia niende nyumbani.

Siku ya pili homa ikapanda. Siku ya tatu nilikohoa damu, kucha zikawa bluu. Kulala chali siwezi, kukaa siwezi. Mama Joy akainama kusikiliza kifua.

"Baba Joy, mbona mdomo wako unanuka jenereta?"

"Ni ile... dizeli."

"Musawo ulimwambia?"

"Nilimwambia mafuta."

"Mafuta gani?"

Nikaficha uso kwa shuka. Mara ya kwanza tangu tuoane.

Aliacha nyanya mezani, akaniweka kwa boda katikati yake na dereva kama gunia, mpaka hospitali kubwa. Daktari, mama mmoja mpole, akatazama picha ya kifua.

"Nani alikutapisha?"

Nikaonyesha kidole changu mwenyewe.

"Dizeli ukiitapika, inaingia kwa mapafu. Inachoma."

"Nitapona?"

"Pumua kwanza. Tuanze na hiyo."

Wakanivalisha kile kinyago cha oksijeni. Kesho yake nikasikia anamnong'oneza Mama Joy: "Asipobadilika leo, ita ndugu zake." Jamani! Nilitaka kufanya utani, lakini utani unataka pumzi, na mimi sikuwa nayo. Kila pumzi ilikuwa kama kuvuta gari lililokwama. Nikaanza kuchoka kuvuta.

Mama Joy akakaa kitandani, akaanza kunisimulia vichekesho vyangu. Anakosea vyote! Akafika kile cha padri na jogoo, akasema padri na mbuzi. Mbuzi! Mtu anakufa na mkewe anaharibu kichekesho chake. Nikavuta pumzi moja ya kumsahihisha. Ikakataa. Nikavuta nyingine. Mchana wote nilivuta kwa sababu ya huyo mbuzi. Jioni ikatoka:

"Jogoo."

Akalia mpaka nesi akaja mbio.

Nilitoka hospitali mwembamba, nimeshika ukuta. Kilima cha Naguru sipandi bila kupumzika mara tatu. Lakini niko hapa. Asante Mungu, asante wavuvi, asante daktari. Na wewe unayesikia: ukimeza dizeli, petroli au mafuta ya taa, usijitapishe. Kimbia hospitali, na utaje jina lake lote, hata wakicheka.

Juzi Mama Joy aliita kutoka jikoni: "Niongeze mafuta?"

Nikauliza, "Mafuta gani?"

Akanitupia mwiko. Nikacheka mpaka nikakohoa, na pumzi ikarudi.