Kingi wa Hatua Moja

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba hata sikuliita kosa: niliona kingi wa drafti ya kwenye kompyuta anatembea hatua moja moja, wakati kingi wa drafti ya Temeke anavuka ubao mzima akitaka, nikajiambia hiyo ni ishu ndogo, nitajifunza mengine. Aibu iliyotoka hapo sijawahi kumsimulia mtu, lakini nyie ni wenzangu, ngoja niitoe.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nachapa barua kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Chang'ombe, na kwenye kompyuta ya bosi kulikuwa na mchezo wa drafti. Drafti nilikuwa naipenda sana, ila kijiweni nilikuwa sikai kucheza, naogopa. Mnajua drafti ya kwetu nusu ni kete na nusu ni mdomo, ukisogeza vibaya watu wazima wanakuuliza kama nyumbani umeaga, na mie ni mtu ambaye nikikosea herufi moja nachapa ukurasa mzima upya. Kompyuta haikunicheka. Nikikosea ilitoa mlio mdogo, ikanionyesha nilipopaswa kwenda, nikarudisha kete nyuma na kujaribu tena (bosi akidhani nina bidii ya kazi).

Nikajipa moyo, nikamkaribisha braza Mwinyi, nahodha wa kijiwe chetu, tucheze wawili tu kwenye ubao, nikamfunga, nikamfunga tena, kila mara akikubali kushindwa kabla hata kingi hajapatikana. Basi Kinondoni walipokuja kucheza na sisi, tukatoshana nguvu, ukabaki ubao wa mwisho wa kuamua, Mwinyi akainuka kwenye kiti chake. Kiti hicho alikuwa amekisubiri mwaka mzima, maana mara iliyopita Mzee Shomari, fundi cherehani wa Kinondoni, alimfunga huku watoto wa Mwinyi wakitazama.

"Kaa wewe," akaniambia. "Huenda hiyo mashine yako inajua kitu."

Nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia, "Marahaba mwanangu, nasikia unafundishwa na televisheni," watu wakacheka, na mie jasho likaanza.

Mwanzo nilicheza vizuri, nikawa mbele kwa kete. Halafu mzee akapata njia ya kufikisha kete mwisho wa ubao na kuingia kingi, nami nikamwachia makusudi, kwa sababu kichwani nilishapiga hesabu: kingi yule kule pembeni, hatua moja moja, mpaka afike kwangu mie nimeshamaliza kazi. Wenzangu wakaguna. Nikamgeukia Mwinyi nikatabasamu, kumwonyesha kwamba hili nimelipanga.

Mzee akamchukua kingi wake, akavuka ubao kutoka pembe mpaka pembe, akala kete yangu, akageuka akala nyingine, na kabla hajaikamata ya tatu mie nilishamshika mkono. Ndiyo, mkono wa mtu mzima niliyetoka kumwamkia.

"Mzee, hapana, umeruka. Kingi anatembea hatua moja."

Mzee akautazama mkono wangu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Hatua moja ya wapi, baba?"

Na hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, lakini woga una mdomo wake, nikasema ya kwenye kompyuta. Nadhani kicheko kile kilisikika mpaka Mbagala. Mie nimezaliwa Temeke, kingi anavyotembea nimeona tangu sijajua kusoma, ila mkono ulishazoea mengine, na kichwa kilichelewa. Mtaani wanasema mtu aliyejipeleka mtegoni ameingia kingi. Siku ile mzee aliingia kingi kwenye ubao, mie nikaingia kingi mbele ya Temeke yote. Nikamwomba radhi, tukaendelea, nikapata kingi wangu, na nikiwa nimechanganyikiwa nikamsogeza, jamani, hatua moja.

"Huyo kingi viatu vinambana," mtu akasema nyuma yangu. Zamu iliyofuata mzee akamla, na mchezo ukaisha.

Kinondoni wakaondoka wanaimba. Nikamfuata Mwinyi kumwomba samahani. Alikuwa anakusanya kete, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Kukosea si tatizo," akasema. "Wote tunakosea. Wewe ulikuwa unakosea umejifungia, ndiyo maana hakuna aliyekwambia. Sie tungekwambia siku ya kwanza."

Siku hizi nacheza kijiweni, mchana, watu wakitazama. Nakosea, wananicheka, kisha namuuliza huyohuyo aliyecheka ningepaswa kwenda wapi. Kompyuta bado nacheza nayo mara mojamoja. Mwinyi hajaniachia tena kiti chake, na mie sijamwomba.