Siku Nilipomwashia Mama Mkwe Taa

Aibu yangu hii watu wa Shinyanga ya zamani wanaijua, na wale wachache waliobaki wakinikuta mahali hunitazama nyuma kwanza ndipo wanisalimu, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata na chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, msimu wa pamba, mji mzima unanuka magunia, na mimi kijana muuza vitambaa namposa Kabula, binti wa Mzee Masanja, mkulima wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Mzee akaleta habari kwamba wakija mjini kuuza pamba watapita, yeye na mkewe, waione nyumba atakayokaa binti yao, ndipo aseme ndiyo au hapana. Nyumba yenyewe vyumba viwili na koroboi moja (nilihesabu mara mbili, ikabaki moja).

Huko Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, lori moja lilikuwa limekufa na dereva wake, Hamisi, anauza viungo vyake kama nyama ya buchani. Tulivutana bei mpaka wote tukashikwa na njaa, nikaondoka na dainamo, betri na taa moja. Dainamo ningeifunga mkanda kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yangu. Nikikanyaga pedali, umeme unaingia kwenye betri unakaa humo kama mtama ghalani.

"Betri hiyo inavuja maji makali," Hamisi akaniambia. "Yakigusa kitu, osha kwa magadi, Musa. Usifanye ubahili."

Sasa jamani, magadi ya kupikia maharage nikaoshee baiskeli?

Nilirudi na lori la pamba asubuhi ileile ya ugeni, nikaipakia betri juu ya tandiko la baiskeli mpaka nyumbani, ikachuruzika njia nzima, nikapangusa kwa kitambaa, basi. Nikavaa kanzu mpya mapema kabisa, nikapanda, nikakanyaga mchana kutwa. Huko nyuma kulikuwa kunawasha. Nikadhani ni jasho la uchumba.

Jioni wakafika. Kwa Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani, kwa hiyo mama akakaa barazani upande wa giza, sisi wanaume upande wa pili, nami kwa adabu zangu zote nikampa mgongo. Nikamwamkia Mzee, akaitikia marahaba, nikasema, "Sasa tazameni," nikaunganisha waya.

Baraza ikawa mchana! Wapita njia wakasimama. Nyuma yangu nikasikia, "Mayu wane!" (yaani mama yangu wee), nikajua amefurahi, nikainama kidogo ili aione vizuri zaidi.

"Baba Kabula," ile sauti ikasema polepole, "mwambie huyo mtu azime taa yake. Nimeona ya kutosha."

Nikapeleka mkono nyuma. Kanzu haikuwapo. Kaptula ya ndani nayo ilikuwa imeliwa na yale maji makali. Nilishika ngozi yangu mwenyewe.

"Muuza vitambaa kaishiwa!" mtu akapaza sauti barabarani, kicheko kikalipuka.

Kugeuka siwezi, mama yupo. Kuzima siwezi, waya nimeukaza kwa koleo. Nikaketi chini papo hapo, na taa ikaendelea kuwaka, maana akiba niliyoiweka haikuwa ndogo. Nikajua Kabula nimeshamkosa.

"Muulize," mama akasema, "Kabula akijifungua usiku, hiyo taa itakuwapo?" (Alikuwa amezika watoto wawili waliozaliwa gizani; hilo niliambiwa baadaye.)

"Itakuwapo, mama," nikamjibu mwenyewe moja kwa moja, aibu juu ya aibu.

Mzee akacheka. "Mbuzi mmoja wa kumfuta mama macho, na ng'ombe wote wa mahari niliowataja. Leo huna pa kusimama ukapunguziwa."

Nikatoa bila kubisha, mara ya kwanza na ya mwisho maishani. Kabula sasa ametangulia, na taa siku hizi unabonyeza tu, lakini mimi siwashi mpaka nijipapase nyuma kwanza.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa chini ya taa ile. Mimi nilikuwa uani nakanyaga pedali, tandiko nimeliosha kwa magadi kibaba kizima, na kutoka ndani nikamsikia mama mkwe akiuliza kwa sauti, makusudi nisikie:

"Baba Kabula, huyo mtu amevaa?"