Shikamoo ya Kwenye Kioo

Mwezi juzi, kwenye stesheneri moja ya Kibaoni, mama mwenye nyumba alisimama nyuma ya mpangaji wake aliyekuwa ameinamia kompyuta.

“Kazi hii unalipwa na nani?”

“Silipwi, mama. Nafumua gemu za zamani za kompyuta, naziweka Kiswahili, nawapa wenzangu mtandaoni bure.”

“Bure? Matapeli wote husema hivyo. Mwezi ukiisha, uhame.”

Mpangaji akamgeuzia kioo cha kompyuta. Ndani ya gemu, askari alisimama mbele ya bibi kizee, na maandishi yakatokea: Shikamoo, bibi. Askari asiposalimia, mlango wa bibi haufunguki. Hilo mpangaji aliliongeza mwenyewe.

“Marahaba,” mama akakiitikia kioo, kisha akamtazama mpangaji kwa jicho la pembeni. “Huyu ana adabu. Mbona wewe hunisalimii?”

Nasikia hajahamishwa. Ila kila asubuhi mama humsubiri mlangoni apewe shikamoo yake, kama tulivyozoea sisi walimu kuwasubiri wanafunzi getini.