Siku Mama Fagio Alipofyeka Kinamasi

Mtaani wanamwita Mama Fagio, na hakusingiziwa. Miaka yote ya kazi alifagia zahanati, na wagonjwa wakimwona anakuja waliinua miguu wenyewe, hata waliovunjika. Alipostaafu, zahanati ilishusha pumzi. Mtaa ndio ukakiona cha moto.

Kwa hiyo shirika la kuhifadhi ndege lilipokuja kutafuta wabia wa kulinda kinamasi nyuma ya soko, watu walimchagua yeye kuwa mwenyekiti wa kikundi. Si kwamba alijua ndege. Alijua kufoka. Haukupita muda wachunga mbuzi wakaacha kulisha kwenye matete, mafundi magari wakaacha kumwaga oili chafu, na walimu wakaanza kuleta wanafunzi kupanda miche ukingoni. Aliyegoma ni mmoja tu, shemeji yake mfyatua matofali, mdogo wa marehemu mumewe. Huyo vikao vyote alikuja kusinzia. Mama Fagio alimtimua mbele ya kadamnasi, akamwita mchafu, mvivu, na hasara kwa mama aliyemzaa. Tangu hapo hata salamu ikafa.

Makeke yote hayo yalikuwa kwa ajili ya kindege kimoja cha kahawia ambacho, kusema kweli, hakina sura ya kumfanya mtu ageuze shingo. Wataalamu walisema kimebaki sehemu chache sana, na kinazalia kwenye matete yale. Mama Fagio alitokea kukipenda, jambo lililomshangaza mwenyewe. Kila asubuhi alikwenda kukisikiliza kikilia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Ndipo ikaja habari kwamba wageni wa shirika watafika kukagua, waamue kama wataendelea na ubia. Kila mtu alijua wakijitoa, kinamasi kitafukiwa ili malori ya sokoni yapate pa kuegesha.

Sasa mgeni akija kwako unafanyaje? Si unafanya usafi? Mama Fagio alikusanya kikundi kizima na mapanga. Walifyeka matete yote, wakayachoma, wakafagia ukingo, wakapaka mawe chokaa. Mwenyekiti akashika kiuno, akatabasamu. "Hapo sasa! Hata ndege wenyewe watatushukuru."

Asubuhi alikuta kimya. Aliangalia maji matupu na yale mawe meupe, akaelewa palepale, akakaa chini kwenye majivu.

Fundi cherehani, katibu wa kikundi, ndiye aliyemletea habari. "Mama, ndege wapo. Ila wamehamia kwa shemeji yako."

Kweli. Nyuma ya tanuri la matofali kulikuwa na mashimo ya zamani yaliyojaa maji, na matete yake yalikuwa yamempita mtu kimo, kwa sababu mwenyewe hajawahi kukata jani bila kusukumwa. Tatizo ni kwamba wiki ile alikuwa akijiandaa kuyachimba upya mashimo hayo apate udongo.

"Hodi, shemeji."

"Usiingie, utachafuka."

"Nakuomba usichimbe. Ndege wangu wako kwako."

Shemeji alimwacha asimame juani mpaka akaridhika. "Sichimbi. Lakini yale uliyonitukana mbele za watu, kayafute mbele za watu. Na wageni wakiwepo."

Jamani, huyu ni mwanamke ambaye mumewe alikufa akisubiri kuombwa radhi. Usingizi ulimpaa.

Siku ya wageni aliwapitisha kwenye mawe yake ya chokaa bila kuyaangalia, akawapeleka mpaka kwenye mashimo, katikati ya vipande vya matofali na magunia yaliyooza. Mikono ilimwasha kwa hamu ya fagio.

"Matete ya kule nilifyeka mimi," alisema. "Niliona ni uchafu. Ndege wamepona kwa sababu ya huyu shemeji yangu, ambaye nilimtukana vibaya. Shemeji, nisamehe."

Mkuu wa wageni akauliza ni nani basi atakayeyatunza mashimo haya, kama ubia ukiendelea.

"Mimi," alisema shemeji. "Kazi yenyewe si ni kutofanya kitu? Naiweza." Watu wakaangua kicheko, wageni nao wakacheka. Yeye akamgeukia Mama Fagio, sauti ikashuka. "Na wewe shemeji, uje kila asubuhi usikilize ndege wako. Ila uje mikono mitupu."

"Nitakuja," alisema Mama Fagio, akalia mbele ya wageni wote kwa aibu na kwa furaha, na kamasi zake hakuzipangusa.