Kikombe cha Baba Mkwe

Kwa miaka miwili na ushee niliosha meno ya mtu niliyemchukia. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akasubiri niseme vinginevyo mbele ya safari. Yalikuwa meno sita ya bandia, ya mbele juu, yamepachikwa kwenye plastiki ngumu ya rangi ya ufizi yenye vishikizo viwili vya waya, na mwenyewe alikuwa baba wa mume wangu. Tuliishi Ifakara, pembeni kidogo ya mji, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa kazini Mlimba, kwenye reli, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Nilipoolewa, kazi hiyo ilikuwa ya mama mkwe. Ndiye aliyempeleka mzee hospitali meno yalipong'oka. Mzee alikuwa akisema alianguka na baiskeli. Mama mkwe aliniambia jikoni, huku anapepeta mchele, kwamba baiskeli hiyo ilikuwa na ngumi na ilimkuta kilabuni. Daktari wa meno alipoanza kueleza namna ya kuyatunza, mzee alimkatiza: "Mweleze huyu mama. Mimi siyo mwosha vyombo." Akatoka nje kuvuta sigara, na maneno yote ya daktari yakabaki kwa mkewe.

Miguu ya mama mkwe ilipoanza kuvimba na yeye mwenyewe akajua hana siku nyingi, alinirithisha maneno hayo. Aliniketisha karibu na kitanda chake akanifundisha kwa makini kabisa.

"Weka beseni la maji chini, utandike kitambaa ndani, yakikuponyoka yasipasuke. Mswaki uwe laini. Sabuni ya mche, kidogo tu. Usitumie majivu wala mchanga, hizo siyo sufuria. Yakichubuka, uchafu unapata pa kujificha na harufu haitoki tena. Yakiota ukoko, loweka kwenye maji yenye siki kidogo. Usiyaache makavu. Na zaidi ya yote, mwanangu, usiyatie maji ya moto. Daktari alisema maji yanayochemka yanayakunja, hayaingii tena mdomoni."

Nikamwambia nimeelewa, mama.

"Anayapenda kuliko anavyonipenda mimi," akasema. "Na jino la pembe si dawa ya pengo." Alicheka mpaka akapaliwa. Alifariki kabla ya masika, na mimi peke yangu katika nyumba ile ndiye niliyebaki na maelezo ya yale meno.

Sasa, mkamwana na baba mkwe wana mpaka. Sikuwa naingia chumbani kwake, sikuwa nakula naye, hata mkono hatukupeana. Kitu kilichotoka kinywani mwake nitakishikaje? Niliuliza kwa mama mdogo wa mume wangu, akaniambia haifai, kisha akaniambia hakuna mwingine. Mzee mwenyewe alipata njia bila kuniuliza. Kila asubuhi aliweka kikombe chake cha bati mlangoni, kimefunikwa kisosi, akakohoa mara mbili na kufunga mlango. Nilikichukua, nikaenda kuosha nyuma ya jiko, nikakirudisha pale pale, nikasema, "Hodi, baba," na kuondoka kabla hajafungua. Hakutaja meno hata siku moja, wala mimi. Ilikuwa "kikombe".

Ukisafisha meno ya mtu unamjua. Nilijua alikula samaki wa kukaanga kilabuni wakati wanangu wawili wanakula ugali na mlenda, kwa sababu miiba midogo ilinasa chini ya waya. Nilijua siku za nyama. Nilijua tumbaku, ambayo aliwaambia watu wa jumuiya kwamba ameiacha. Nilisugua taratibu, kwanza ndani, kisha katikati ya jino na jino, kisha kuzunguka vishikizo bila kuvipinda. Siki nilinunua kwa mwenye duka wa Kiislamu karibu na soko. Kila nilipokwenda aliniuliza achari yangu inaendeleaje, nami nikamjibu inaendelea vizuri.

Nusu saa ile ambayo meno yalikuwa kwangu ndiyo iliyokuwa nusu saa yangu ya amani, maana bila meno hakufungua mdomo hata nyumba ingeungua. Akishayavaa, basi. Mimi natoka Mkula, kwetu tunauza ndizi na miwa kando ya barabara, na yeye alikuwa ameshanipa jina: mtu wa barabarani. Mtu wa barabarani hajui kupika wali. Mtu wa barabarani anazaa wasichana tu. Aliyasema hayo uani kwa sauti ya kusomea tangazo, kila herufi mahali pake, na mimi nikiwa nimeinama ninafagia nilikuwa nawaza kwamba ni mimi niliyemsafishia hicho anachonitukania. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hata hivyo humwoshi meno.

Mume wangu akafa kwa homa huko huko Mlimba. Walimleta kwa treni. Sitaki kuandika mengi juu ya siku hizo.

Kilichobaki kilikuwa shamba. Tulilifyeka wawili, mume wangu na mimi, bondeni, mahali ambapo palikuwa matete matupu na hakuna mtu wa ukoo aliyepataka. Nilipalilia mpunga nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, maji yakiwa magotini. Shamba hilo ndilo lililolisha wanangu. Mwaka ulipotimia tangu msiba, mzee akaagiza nirithiwe na shemeji yangu, mtu mwenye wake wawili na kazi hakuna. Nikakataa. Nilikataa kwa heshima, nimepiga magoti, lakini nilikataa. Hapo ndipo akaitisha kikao cha ukoo kuamua kama nina haki ya kubaki na shamba.

Asubuhi ya kikao kikombe kilikuwa mlangoni kama kawaida. Alikohoa mara mbili. Nilikwenda nacho nyuma ya jiko, na pale jikoni birika kubwa lilikuwa linachemka kwa ajili ya chai ya wazee. Nilisimama, meno mkononi, birika hatua mbili kutoka kwangu. Nilijua kabisa. Nimimine kidogo tu, na mzee yule mwenye kiburi cha kutisha asingetoka chumbani siku hiyo. Kikao kingeahirishwa. Au angekaa kimya na leso mdomoni, na wale wengine, ambao walikuwa wanamwogopa yeye tu, pengine wangenionea huruma.

Nikachota maji baridi mtungini. Nikayaosha vizuri kuliko siku zote. Niliyaloweka hata kwenye siki, nikayasuuza mara tatu, yakang'aa. Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile naona hasira na mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa mjinga. Nilidhani utii una malipo, kwamba mtu uliyemtunza miaka yote hiyo atakapokuangalia mbele za watu kitu fulani kitamgusa.

Alivaa shati jeupe. Wazee walikaa kwenye viti, sisi wanawake mkekani. Nilisalimia, "Shikamooni," wakaitikia. Mzee akasimama. Aliongea kwa muda mrefu, na jua la uani lilikuwa linapiga kwenye meno yale, meupe, hayana doa, nimeyasugua mimi.

"Mwanamke huyu nimemlea kama binti yangu," alisema. "Amekataa kurithiwa. Aliyekataa ukoo, ukoo nao umemkataa. Ardhi ni ya ukoo. Hana chake hapa. Arudi barabarani kwao."

Nikaomba kusema. Nikasema shamba tulilifyeka wawili, kila mtu hapa anajua. Mzee mmoja akatazama chini. Mwingine akaomba chai. Wifi yangu, binti mkubwa wa mzee, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, alikuwa amekaa karibu nami na alikuwa anajua shamba lile kuliko hata wao, maana alikuja mara mbili kunisaidia kuvuna. Nilimwangalia. Akashika pindo la kanga yake na kuanza kulikunja. Kikao kikaisha, nikapewa siku tatu.

Siku ya tatu nilikuwa nafunga mizigo, wanangu wameshavaa viatu. Mzee akakohoa kutoka mlangoni kwake. Hakuniita. Alimwita binti yake, kwa sauti ambayo alitaka niisikie.

"Kabla hajaondoka huyo, mwulize habari ya kikombe."

Huo ndio uliokuwa utambuzi wa kazi yangu, baada ya miaka yote. Habari ya kikombe. Wifi akaja, macho pembeni, kwa aibu au kwa kinyaa, sijui.

"Wifi, yale ya baba yanaoshwaje?"

Nikaacha kufunga kamba. Nilimweleza kila kitu kama nilivyofundishwa na marehemu mama yake, tena kwa utaratibu: beseni, kitambaa ndani ya beseni, mswaki laini, sabuni ya mche kidogo, siki yakiota ukoko, wala si majivu, wala si mchanga. Alikuwa anarudia kila kitu kwa midomo ili asisahau. Hakuna neno la uongo nililosema.

Mwaka ule kulikuwa na kipindupindu bondeni. Mabwana afya walipita na kipaza sauti kutoka mtaa hadi mtaa, chemsheni maji, chemsheni maji, na watu walikuwa wanachemsha mpaka vijiko. Wifi alifikiri kidogo.

"Na maji ni ya kuchemka, si ndiyo? Kuua vijidudu?"

Mama mkwe alinijia pale, na kitanda chake, na kidole alichoninyooshea. Nikamwona pia yule mzee na shati lake jeupe. Wanangu walikuwa wamekalia gunia la nguo, wadogo wote wawili, wananisubiri.

"Ndiyo, wifi," nikasema. "Yachemke hasa."

Nikamaliza kufunga kamba, tukaondoka.

Miezi ikapita. Nilikuwa Mkula, kando ya barabara, mbele ya mikungu ya mama yangu, basi la Ifakara liliposimama na mwanamke jirani yetu wa zamani akashuka kununua ndizi. Tulisalimiana sana. Yeye ndiye aliyenipa habari. Mzee siku hizi haongei mbele za watu. Kanisani anakaa nyuma na leso mdomoni. Kwenye vikao anamnong'oneza shemeji yangu, shemeji anasema kwa niaba yake, na kwa kuwa shemeji ni bubu wa akili hakuna anayesikiliza.

"Anamlaumu binti yake," yule jirani alisema. "Anasema mwanangu wa kumzaa amenichemshia meno. Kila siku matusi. Yule binti analia, anasema aliambiwa, lakini nani amwamini?"

Nikampa ndizi mbili za nyongeza, akapanda basi.

Shamba halikurudi. Niliambiwa matete yameota upya. Wifi nilimhurumia, siyo sana, kama anavyohurumiwa mtu aliyekunja pindo la kanga wakati angeweza kusema sentensi moja. Wanangu walikula ndizi, wakasoma, wakakua.

Kila Kwaresima nakwenda kuungama. Naungama hasira, naungama kusengenya, naungama kukosa misa siku za palizi. Padri huuliza kama kuna dhambi nyingine ninayoikumbuka. Namjibu hakuna.