Maji Aliyoyamwaga Jaku

Jirani yangu Makungu alikuwa seremala hapa Kikwajuni, mtu wa maneno machache. Lakini ukimgusia marehemu baba yake, Jaku, basi keti, huondoki leo. Jaku aliwahi kumchukulia Mzungu mizigo huko bara. Njiani mwenzao mmoja akafa. Maji ya kunywa yalikuwa machache, ila Jaku akasema Muislamu hatayamamiwi kwa mchanga na maji yapo. Wakamwosha, wakamzika kwa dua ya tahalili. Mzungu akamchapa Jaku bakora mpaka mgongo ukachanika, na Makungu utotoni akiyaona makovu kila baba yake akivua kanzu.

Basi, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, mjukuu wa Makungu, Wanu, akarudi kutoka skuli na daftari. Mwalimu wao kawafasiria kitabu cha safari cha Mzungu yule yule. Akatusomea: “Watu hawa hawana huruma hata kwa wafu wao. Walimwaga maji kwa ukorofi, wakakaa kuimba. Nikamchapa kiongozi wao, Jaku.”

Hasira zilinipanda mimi, sembuse mwenyewe. Tangu lini tahalili ikawa nyimbo?

Tukaenda skuli mimi na Makungu, maana namjua, peke yake angenyamaza. Mwalimu Shamsi, kijana wa heshima, akamwamkia shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Nakusadiki, mzee wangu. Lakini mtihani unatoka kitabuni. Wanu akijibu vyengine ataanguka.”

Serikali mpya, vitabu vile vile. Wanasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ya Jaku mie sijaiona.

Mtihani ulipokaribia Makungu akamwambia Wanu, “Swali la maji yale likija, andika kweli, mjukuu wangu. Sina mwengine wa kumsemea baba yangu.”

Swali likaja. Wanu akafaulu, na sote tukajua kajibu nini. Mtoto akalia, na pilau ya kumpongeza nshaipakua. Babu yake akamwambia, “Vyema, mwanangu,” akala. Hakumtaja Jaku tena mpaka tulipomzika mwenyewe. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Wanu sasa ni mwalimu skuli ile ile. Juzi nnakwenda sokoni, nikapita chini ya dirisha la darasa lake. Nikamsikia akiuliza, “Kwa nini wapagazi walimwaga maji?”

“Kwa ukorofi,” watoto wakajibu kwa pamoja.

“Vyema,” akasema Wanu.